Baba anatetemeka kama alivyotetemeka babu: hii Parkinson ni ya ukoo? Na hiyo jeni ya Waafrika ina ukweli gani?

Kihamba_Kimoja:

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Hili jambo nimekaa nalo tangu Krismasi, nikaona leo nipandishe uzi maana humu najua wapo madaktari, wapo manesi, na wapo wanaouguza kama mimi.

Mzee wangu ana miaka 67, mkulima wa kahawa na ndizi kwetu Machame, wilaya ya Hai. Ilianza kama mwaka juzi, mkono wa kulia unatetemeka akiwa amekaa tu ameuweka pajani, akiinua kikombe unatulia. Tukasema uzee, wengine wakasema baridi ya mlimani. Mimi kilichonishtua ni daftari. Ana daftari lake la kahawa anaandika kilo zote anazopeleka chama cha msingi, sasa Desemba nimepanda nyumbani nikawa nalifunua tu, kurasa za mwanzo mwandiko mkubwa umekolea, unajua ule mwandiko wa watu waliosoma zamani, kadiri nafunua herufi zinapungua, zinapungua, mstari unaanza vizuri ukifika mwisho maneno yamebanana hayasomeki, ukurasa wa mwisho ni kama sisimizi wamepita. Nikamuuliza baba hii nini, akasema kalamu mbovu.

Hospitali ya kwanza wakatuambia ni kiharusi kidogo, wakampa dawa za presha na aspirini, miezi minane hivyo hivyo bila nafuu. Ndo mwaka huu daktari wa mishipa ya fahamu kamuangalia kama nusu saa tu, kamwambia tembea, geuka, gonga vidole, fungua kifungo cha shati, akasema hii ni Parkinson. Ameanza vidonge vya levodopa na kabidopa mara tatu kwa siku.

Sasa maswali yangu. Babu yangu, baba yake mzee, naye alitetemeka mpaka anakufa mwaka 1991. Ukoo ulisema karogwa na jirani kwa ajili ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na mpaka leo familia hizi mbili hazisalimiani, hata misibani tunakaa mbali. Je hii kitu ni ya kurithi? Tuko watoto watano na mdogo wangu wa kike ana mimba ya miezi sita, tangu aliposikia jina la ugonjwa analia usiku. Pili, nimesikia kuna jeni imegunduliwa ya Waafrika peke yetu, ni kweli au ni maneno ya mtandaoni? Tatu, hizi tiba mpya za seli na kuwekewa waya kichwani zimefika wapi? Na la mwisho, dawa ya mzee siku nyingine inamshika vizuri mpaka anaenda shamba, siku nyingine ni kama kameza unga. Anakunywa na maziwa asubuhi ili isimuumize tumbo. Nisaidieni jamani.

Nesi_Mstaafu:

Marahaba mwanangu, pole sana na mzee umfikishie pole zangu. Nimefanya kazi wodini miaka 34, naomba nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo unaweza kulirekebisha kesho asubuhi.

Maziwa ndio tatizo. Levodopa ikifika utumbo mwembamba inapita kwenye mlango uleule ambao protini inapita, na kwenda ubongoni vilevile, kwa hiyo mzee akinywa kidonge na glasi ya maziwa au mtori wenye nyama, protini inaingia kwanza na dawa inabaki nje inasubiri. Aipe dawa nafasi, kidonge na maji matupu nusu saa kabla ya kula, au saa moja na zaidi baada ya kula. Kama tumbo linasumbua atafune kipande cha ndizi au kiazi, si maziwa, si mayai. Nyama na maharage ale zaidi jioni. Na saa ziwe zilezile kila siku, kama ni saa kumi na mbili asubuhi iwe saa kumi na mbili, msiisogeze kwa ajili ya shughuli za shamba.

Pili, akitapika au akipata kichefuchefu asichomwe Plasil. Narudia, hapana Plasil. Ni metoklopramidi, inaziba dopamini ubongoni, kemikali ambayo levodopa inaiongeza, yaani inafanya kinyume cha dawa anayokunywa. Hivyo hivyo haloperidoli na Largactil, mzee wa Parkinson akichanganyikiwa usiku kuna sehemu wanakimbilia hizo, kesho yake amekuwa gogo. Dawa ya kichefuchefu muulize daktari kuhusu domperidoni. Andika kwenye karatasi ubandike kwenye jalada lake la kadi za hospitali, maana siku ya dharura wewe unaweza usiwepo.

Tatu, dawa isikatishwe ghafla hata siku moja. Ikibaki ya wiki moja muanze kuitafuta. Nimeona mgonjwa aliyekatishwa kwa sababu hela ya dawa ilienda kwenye ada, aliletwa amekakamaa na homa kali, na hiyo inaua.

Mambo ya jeni wenye elimu yake watakuja.

Mzalendo_77:

Mimi naona hizi ni magonjwa ya wazungu tu yanaletwa na vyakula vya makopo, mbona wazee wetu zamani hawakuwa nayo. Na huyo babu aliyerogwa usidharau, kuna mambo hospitali haioni.

Pipeti_ya_Usiku:

Mzalendo_77 kaka yangu naomba nikupinge kwa heshima, na bahati nzuri kinachokupinga kimetoka hukohuko kwa mwenye uzi. Mwaka 2005 na 2006 watafiti wakiwemo Catherine Dotchin na Richard Walker walipita nyumba kwa nyumba wilaya ya Hai, watu 161,071, wakiuliza nani anatetemeka, nani anatembea kwa shida. Wakapata wagonjwa 33 wa Parkinson, na karibu wanane katika kila kumi hawakuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba ni Parkinson. Walikuwa wamekaa nyumbani wanatetemeka na hawana dawa. Sasa ugonjwa ambao haujapewa jina ndio unaambiwa haupo, au unaambiwa umelogwa. Babu wa ndugu yetu alikufa 1991, miaka kama kumi na tano kabla hao watafiti hawajafika, nani angemwambia?

Na wazungu wenyewe hawakuwa na jina mpaka mwaka 1817 James Parkinson, daktari wa London, alipoandika juu ya watu sita, na baadhi yao aliwaona tu wakipita barabarani.

Kihamba_Kimoja, mimi nafanya masomo ya vinasaba, nakesha maabara ndo maana jina langu hilo. Ngoja nikueleze taratibu, ni ndefu lakini ni yako.

Ndani ya ubongo, chini huko, kuna kasehemu keusi kanakotengeneza dopamini, ndiyo inayofanya mkono uende pale unapotaka uende. Kwenye Parkinson seli za hapo zinakufa polepole, mpaka mkono uanze kutetemeka nyingi zimeshakwenda. Seli hizo zinakutwa na vifundo vya protini inayoitwa alfa-sinukleini, imejikunja vibaya ikashikana. Protini hii kila mtu anayo, shida ni ikikosa kusafishwa. Kila seli ina kijifuko chake cha kusagia taka, na ndani ya kijifuko kuna vimeng'enya, kimoja kinatengenezwa na jeni inaitwa GBA1. Kimeng'enya kikipungua, takataka zinajaa, na sinukleini inakosa pa kwenda. Kwenye jeni hii tutarudi.

Kuhusu kurithi. Ziko familia chache sana ambazo ugonjwa unashuka moja kwa moja. Ya kwanza kujulikana ilitoka Contursi, kijiji cha kusini mwa Italia, mwaka 1997 wakaona herufi moja tu imebadilika kwenye jeni ya hiyo alfa-sinukleini, na aliyerithi herufi hiyo karibu lazima augue. Mwaka 1998 Wajapani wakapata jeni ya parkini, hiyo inashika vijana, watu wa miaka 20 na 30, na lazima urithi kwa baba na kwa mama. Halafu 2004 ikaja LRRK2, badiliko lake moja limejaa sana Afrika Kaskazini kwa Waberber na Waarabu wa huko, na kwa Wayahudi wa Ashkenazi, lakini hata huko wengi wenye nalo wanazeeka na kufa bila kutetemeka. Nigeria walipopima wagonjwa wao hawakulipata.

Na hapo ndo palikuwa na kero yetu sisi. Miaka yote zaidi ya ishirini utafiti wa jeni za Parkinson ulikuwa karibu wote ni damu za Ulaya. Ukichukua matokeo yale ukayaleta Lagos au Moshi ni kama kutafuta njia ya Machame kwa ramani ya Paris.

Mwaka 2023 ndo hiyo habari uliyoisikia, na ni ya kweli kabisa. Imetoka kwenye jarida la Lancet Neurology, kazi ya watu wengi, wakiwemo Mie Rizig wa chuo kikuu cha UCL, London, na Profesa Njideka Okubadejo wa Chuo Kikuu cha Lagos, pamoja na watafiti wa taasisi za afya za taifa za Marekani. Walichukua wagonjwa 1,488 na watu 196,430 wasio na ugonjwa, wenye asili ya Afrika, wengi kutoka Nigeria na Wamarekani weusi. Wakakuta badiliko ndani ya GBA1, ileile jeni ya kijifuko cha taka, ambalo Ulaya na Asia karibu halipo kabisa. Ukiwa na nakala moja nafasi ya kuugua inapanda kama mara 1.5, ukiwa na mbili, moja ya baba moja ya mama, kama mara 3.5.

Kinachonifurahisha mimi kama mtu wa maabara ni mahali badiliko lenyewe lilipo. GBA1 wazungu wameisoma siku nyingi, lakini mabadiliko yao yanaharibu kimeng'enya chenyewe, kinatoka kimepinda. Hili letu haligusi hata kidogo maelezo ya kimeng'enya, limekaa kwenye kipande ambacho seli huwa inakikata na kukitupa kabla ya kutengeneza protini. Kazi yake ni kuharibu ule ukataji, kipande cha kutupwa kinabaki ndani, na mwisho kimeng'enya kinatoka kizuri tu ila ni kidogo. Zile njia za kupima zinazosoma sehemu za protini tu zingelipita kila siku bila kuliona. Lisingeonekana kama Wanigeria hawakutoa damu zao.

Sasa mdogo wako. Mwambie hivi: duniani huwa inatajwa kama mtu mmoja katika mia waliovuka miaka 60 ana Parkinson. Ukizidisha mara moja na nusu bado ni mtu mmoja na nusu katika mia. Watu wengi sana wenye hiyo jeni, mamilioni Afrika Magharibi, hawataugua kamwe. Na mtoto aliye tumboni amepata nusu ya jeni za mama yake tu, na nusu hiyo imetoka kwa babu na bibi kwa kuchanganywa kama karata. Baba na babu kuugua kunapandisha nafasi yenu kidogo, hilo sikufichi, lakini mzee kuanza akiwa na 65 haifanani na zile familia za ugonjwa kushuka moja kwa moja. Kupima jeni kwa sasa hakutawapa kitu cha kufanya, hakuna dawa ya kuzuia. Alale.

Na swali la nyongeza, mzee amepiga dawa shambani miaka mingi? Kuna viuagugu na viuadudu, hasa parakwati na rotenoni, ambavyo tafiti zimeviona vikienda pamoja na ugonjwa huu. Jeni na mazingira yanashikana mikono.

Kihamba_Kimoja:

Dah. Mkuu Pipeti asante, nimemsomea mdogo wangu kwa simu yote hiyo aya kwa aya. Kanyamaza muda mrefu akasema basi nitumie niisome mwenyewe.

Dawa shambani ndio, bomba la mgongoni tangu niko mdogo, mrututu wa kahawa na za magugu, hana glavu hana chochote, jioni anakula hivyo hivyo. Za magugu majina siyajui, nitaangalia makopo stoo.

Bint_Kisauni:

Pole ndugu yangu, nawe na mzee. Mie namuuguza mamangu hapa Mombasa mwaka wa tisa huu, nimeona mengi wallahi. Haya ya Plasil alosema mama nesi yalitupata sisi. Mamangu alikuwa na kizunguzungu na kichefuchefu, kuna zahanati wakamwandikia Plasil akawa aimeza miezi na miezi, mkono ukaanza kutetemeka uso ukawa mkavu hacheki, tukajua ni Parkinson, kumbe nusu ilikuwa ni dawa. Alipoachishwa na daktari mwengine akarudi kiasi, uso ukafunguka, lakini mkono wa kushoto haukuacha, ikawa kweli anayo na ile dawa ilikuwa yaifunua tu. Kwa hivyo kila mtu anayeanza kutetemeka aulizwe kwanza anameza nini.

Nataka kusema juu ya upupu, manake utaambiwa tu. Mjombangu alileta unga wa mbegu za upupu kutoka bara, ati ndo dawa yenyewe ya asili. Na kweli si uongo, mbegu za upupu zina levodopa ndani yake, ile ile. Bolivia walijaribu kwa wagonjwa 18, wakichomewa mbegu na kusagwa, dozi moja moja, ikafanya kazi sawa na vidonge, matokeo yalitoka 2017. Lakini walipojaribu kuwapa wagonjwa 14 kila siku kwa wiki 16, nusu yao waliacha, wengine tumbo, wengine mwendo ulizidi kuharibika. Mamangu alimeza ule unga juu ya vidonge vyake bila kuniambia, nikarudi kutoka sokoni namkuta kiti chatingishika, mabega yazunguka, kichwa chaenda huku na huku, hawezi kujizuia, macho yamemtoka kwa uwoga. Ile ni dopamini imezidi. Nilimshika mikono mpaka adhana ya alasiri ndo akatulia. Waeza kuwa hupati vidonge kabisa, hapo nakuelewa, lakini usichanganye na usipime kwa kijiko cha chai, mbegu hazilingani.

Lingine, miaka ya kwanza kidonge chamchukua masaa sita, baadaye manne, sasa mamangu ni masaa mawili na nusu, baadaye yaisha kama taa ya koroboi. Ikifika hapo si kwamba dawa imeharibika, ni seli zimebaki chache za kuiweka akiba. Daktari hugawanya dozi ziwe ndogo ndogo za mara kwa mara. Sisi twaweka alamu ya simu mara sita kwa siku.

Na bei yanikera. Dawa hii ni ya miaka ya sitini, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na bado ninazunguka famasi tatu nne kuipata.

Mkono_wa_Kushoto:

Habari zenu wote. Mimi ndo mgonjwa mwenyewe, niko Nairobi, nina miaka 49, niligundulika nikiwa na 43. Naandika saa hii kwa sababu dawa imeshika, baada ya saa moja vidole havitanisikia. Nijibu hilo la tiba mpya kwa sababu nimelifuatilia kama mtu anayengoja matatu ya mwisho usiku.

Bado hakuna kitu kinachosimamisha ugonjwa. Levodopa ndiyo bado mama yao, tangu mtafiti Hornykiewicz kule Vienna mwaka 1960 aone kuwa ubongo wa waliokufa na ugonjwa huu umekauka dopamini, mwaka uliofuata wakawadunga watu levodopa, na 1967 daktari Cotzias huko Marekani akaonyesha ukianza na kidogo ukipandisha polepole mtu anaweza kumeza kila siku na kutembea. Yote yaliyokuja baadaye kwa ukweli ni njia bora za kufikisha ile ile dopamini, au kuzunguka pengo lake.

Waya kichwani: ilianzia Grenoble Ufaransa, kwa daktari Benabid, 1987. Wanaingiza nyaya nyembamba mpaka ndani kabisa ya ubongo na betri inakaa chini ya ngozi ya kifua. Inapunguza kutetemeka na yale mabadiliko ya juu chini ya dawa, kwa mtu ambaye levodopa inamsaidia lakini haidumu. Haitibu kusahau wala kuanguka. Mwaka 2025 Marekani wamekubali aina inayosikiliza ubongo na kujipandisha na kujishusha yenyewe. Mzee wa mwaka wa kwanza wa dawa hahitaji hiyo bado, msiuze shamba.

Pampu: kuna levodopa ya maji inayoingia chini ya ngozi saa 24 kwa kasindano kadogo, Marekani walikubali Oktoba 2024. Hiyo ndo ningependa mimi, usiku ndo napata taabu kugeuka kitandani.

Seli: Aprili 2025 yalitoka matokeo mawili pamoja kwenye jarida la Nature. Kyoto Japani walipandikiza ubongoni seli za kutengeneza dopamini kwa watu 7, Marekani na Kanada watu 12. Seli ziliishi, kwenye picha za ubongo dopamini ilionekana ikitengenezwa, hakuna aliyepata uvimbe, na baadhi mwendo uliboreka. Ni watu 19 jumla. Nililia niliposoma, sitaki kudanganya. Lakini ni 19, na bado hawajalinganishwa na waliofanyiwa upasuaji wa kuigiza tu bila seli. Kwa hiyo mtu akikuambia ana kliniki anachoma seli mkononi kwa dola elfu kadhaa anakuibia.

Kuna ambazo zilitupa matumaini zikaanguka. Dawa za kisukari za kundi la GLP-1, mwaka 2024 moja yao ilionekana kupunguza kasi kwa wagonjwa 156 Ufaransa, 2025 nyingine ya kundi hilo ikajaribiwa Uingereza karibu wiki 96, hakuna tofauti na dawa ya uongo. Hiyo siku nilizima simu.

Na iko moja inashikana na ile GBA1. Ambroksoli, ndiyo hii ya kikohozi iliyoko kwenye sirapu nyingi za famasi. Inasaidia kile kimeng'enya kifike kwenye kijifuko chake kikiwa salama. Mwaka 2020 London walitoa majibu ya watu 17, ikaonekana inafika hadi maji ya ubongo na kimeng'enya kinapanda. Sasa kuna jaribio kubwa la hatua ya tatu Uingereza. Fikiria, jeni inayotuhusu sisi zaidi, na dawa inayoweza kuigusa ni ya kikohozi! Lakini pole pole: dozi yao ni gramu 1.26 kwa siku, zaidi ya mara kumi ya dozi ya kikohozi, na sirapu ina sukari na vitu vingine. Msinywe chupa nzima nyumbani. Ninachotaka ni majaribio kama hayo yafanywe kwetu pia, kwa watu wenye hilo badiliko letu, si kungoja miaka kumi baada ya wengine. Kuna mradi wa utafiti wa nchi saba za Afrika sasa, Tanzania na Kenya zimo, unaandikisha wagonjwa na kuchukua damu. Ukiulizwa kliniki kama mzee atakubali, muelezeni vizuri na akitaka akubali. Mimi nimetoa.

Fizio_Boma:

Naona mmesahau mazoezi, nami ndo kazi yangu. Hukohuko Hai baada ya ule utafiti kuna wagonjwa wasiokuwa na dawa kabisa walifundishwa kutembea kwa kufuata alama, na mwendo ukaboreka. Inafanya kazi hivi: njia ya ndani inayoanzisha hatua imeharibika, lakini njia ya macho na masikio bado nzima, unaitumia hiyo. Mzee akiganda mlangoni miguu imegandamana na sakafu, msimvute mkono, ataanguka. Mchoree mistari ya chaki sakafuni, hatua moja moja, mwambie vuka mstari. Au mhesabie moja mbili, au aimbe wimbo wa kanisani wenye mwendo wa kutembea.

Na mwandiko pia. Chukua rula na kalamu ya wino mzito, chora mistari miwili miwili kwenye lile daftari, iachane sentimita moja, mwambie herufi ziguse juu na chini. Afanye na kutembea nusu saa kila siku wakati dawa imeshika, akitupa mikono kwa makusudi.

Kihamba_Kimoja:

Narudi na mrejesho, ni wiki ya tano sasa. Samahanini kwa kukaa kimya, nilikuwa nyumbani.

Mama Nesi, shikamoo tena. Kidonge saa kumi na mbili kamili na maji, chai ya maziwa saa moja. Siku ya nne mzee kafunga vifungo vya shati mwenyewe, vyote, mama yangu kasimama mlangoni anamwangalia tu. Zile siku za kumeza unga hazijaisha ila zimekuwa chache. Karatasi ya Plasil iko kwenye jalada kwa wino mwekundu. Stoo nimekuta makopo matatu ya parakwati, mawili tupu. Nimeyatoa, na bomba sasa anabeba kijana mwenye glavu na buti.

Nilimweleza mzee habari za babu, kwamba inawezekana ilikuwa ugonjwa huuhuu. Tulikuwa tumekaa nje jioni. Alikaa kimya, mkono ukawa unatetemeka zaidi, huwa unazidi akiwaza. Akaniuliza, baba yangu naye angepewa hivi vidonge angetembea? Nikamwambia daktari alivyosema, pengine ndiyo, miaka kadhaa. Akasema vilikuwepo mwaka ule? Nikamwambia duniani vilikuwepo. Hakusema tena kitu. Jumapili baada ya ibada nilimwona amesimama na mzee wa jirani nje ya kanisa, sikusogea, sijui walizungumza nini.

Fizio mistari nimechora daftari zima kwa rula, mama kanisaidia. Mwandiko bado mdogo lakini unafika mwisho wa mstari. Nimepiga picha ukurasa wa juzi nimemtumia mdogo wangu, kilo 23, tarehe inasomeka, na jina la chama cha msingi limeandikwa lote bila kukatishwa.

Mkono_wa_Kushoto kaka, kliniki yake ni mwezi ujao tarehe 9, nitauliza kuhusu huo utafiti. Mzee amesema wakitaka damu wachukue. Na wewe usiku unafanyaje kugeuka kitandani? Maana naye ameanza kulalamika hilo.

Mkono_wa_Kushoto:

Shuka la satini chini ya kiuno, au hata kanga ya hariri bandia, inateleza. Kunja magoti yote mawili kwanza, halafu kichwa kiangalie upande unaoenda, mwisho bega. Na soksi ziwe zenye kushika godoro. Mwambie mzee mimi nikiamka usiku nitakuwa namkumbuka.